Mwongozo wa Kuning'inia kwa Bei Nafuu

Umeona video. Msichana amejizungushia kitambaa chekundu kiunoni na mapajani, yuko juu mita 4 hivi, anaachia mikono na kuporomoka huku akijikunjua, na kitambaa kinamdaka shibiri chache kabla ya sakafu. Umeamua nawe utajifunza, au utawafundisha wengine kwa ada ya mwezi. Umeuliza bei ya kiunzi cha kiwandani cha kutundikia kitambaa, kutoka Ulaya: bei yenyewe, juu yake usafiri, juu ya usafiri ushuru. Ukanyamaza. Kisha siku moja ukapita Gerezani, Dar es Salaam, ukaona mageti, vitanda, matoroli na meza za kukaangia chipsi vimepangwa kando ya barabara, ukajiuliza swali ambalo wengi wamejiuliza kabla yako: chuma si chuma tu? Mwongozo huu ni wako.

Anza kwa kuficha. Usimwambie fundi kwamba mtu mzima atapanda hadi juu ya hicho kiunzi, kisha atajiachia kwa makusudi. Ukimwambia hivyo atauliza maswali, na maswali huongeza bei. Mwambie ni bembea. Hapo atatulia, kwa sababu bembea za shule za chekechea ameshatengeneza nyingi, na wanaozipanda wana kilo 18 kwa kila mmoja, wakiwa wameshiba. Atakupa bei ya bembea, na kwa bei hiyo utapata bembea.

Niseme jambo moja nje ya mwongozo. Fundi wa Gerezani si mjinga hata kidogo. Mwonyeshe picha ya mashine ya kukoboa au ya bisi, atakutengenezea inayofanya kazi, tena pengine bora kuliko ya kwenye picha. Shida ni kwamba karibu kila kitu kinachotoka mikononi mwake hubeba mzigo usiobadilika. Geti linasimama. Grili inasimama. Mnara wa tangi la maji unabeba uzito unaojulikana, Jumatatu hadi Jumapili, na tangi halina tabia ya kuruka. Mwanasarakasi hana uzito mmoja. Ana uzito anaopimwa nao hospitali na ana uzito mwingine anapodakwa na kitambaa, na ule wa pili fundi hawezi kuukisia ikiwa wewe umemwambia unataka bembea.

Turudi kazini. Mchoro hauhitajiki. Onyesha picha kwenye simu, ile iliyopigwa kwa upande, kisha piga hatua sakafuni kuonyesha upana. Urefu uonyeshe kwa kidole: “Mpaka pale kwenye bati.” Fundi atachora kwa chaki juu ya zege, na ramani hiyo itadumu hadi kijana wake atakapofagia. Baada ya hapo kila mmoja wenu atakumbuka vipimo vyake. Mguu mmoja ukitoka mfupi kwa sentimita 2, utawekewa kipande cha bati chini yake, na kipande hicho, ambacho hakijachomelewa popote, kitakuwa sehemu muhimu kuliko zote katika kiunzi chako.

Sasa chuma chenyewe. Dukani bomba huuzwa kwa urefu wa mita 6 hivi, na muuzaji atakutajia kipimo cha nje: mbili kwa mbili, inchi tatu, basi. Kinachombeba mtu ni ukubwa wa nje pamoja na unene wa ukuta wa bomba, na huo unene hauonekani bomba likiwa limelala kwenye rundo. Kwa hiyo usiulize. Ukiuliza utaambiwa, “Hii nzito, bosi,” nawe utaridhika, kwa kuwa ulikuja ukitaka kuridhika. Wala usibebe kile kipimo cha taya mbili cha kupimia unene. Watu wataona huwaamini.

Chukua mfano wa kiunzi kitakachokupendeza: miguu miwili kila upande na boriti moja ya mita 3 ikiiunganisha ya huku na ya kule, bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, ukuta wa milimita 1.5. Ni jembamba, linapendeza kwenye picha, na linaingia kwenye kirikuu. Mtu wa kilo 60 akining'inia katikati ya boriti hiyo akiwa ametulia, mkazo ndani ya chuma ni kama niutoni 97 kwa kila milimita ya mraba. Chuma laini cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja, bila kurudi, kwenye 250 hivi. Nafasi ipo, tena kubwa. Ndipo fundi anafanya jaribio la kukabidhi kazi. Anaruka, anadaka boriti kwa mikono miwili, anakunja miguu, anatabasamu. “Dada, hapa hata Fuso unaning'iniza.” Unapiga picha. Fundi amesema kweli, ukiacha habari ya Fuso.

Halafu unakwenda nyumbani na unadondoka.

Kudondoka kuna hesabu fupi, ambayo unashauriwa usiifanye. Chukua umbali ulioanguka, ugawe kwa umbali uliotumika kukusimamisha, ongeza 1. Jibu ni mara ngapi ya uzito wako kiunzi kimevutwa. Kilo 60, mita 1 ya kuanguka, sentimita 25 za kusimama: mara 5, yaani kama kilo 300. Na huo ni wastani; kilele chake ni kikubwa zaidi. Ule mkazo wa 97 sasa umepita 480, karibu mara mbili ya kiwango ambacho chuma huanza kupinda. Bomba lenye ukuta mwembamba halitoi mlio wa kukutahadharisha. Ubavu wake unabonyea kwa ndani, linakunja kona ghafla, na boriti inakufuata chini.

Kitambaa cha nailoni kina huruma kidogo, kwa sababu kinanyumbuka na kukuongezea zile sentimita za kusimama. Ukiona huruma hiyo inakusumbua, iondoe: ning'iniza pete ya chuma kwa mnyororo. Ukisimamishwa ndani ya sentimita 10, hesabu ileile inakupa mara 11, kilo 660. Hapo hata bomba la duara la inchi 3 lenye ukuta wa milimita 4, ambalo kwa kilo 300 lingebeba chini ya nusu ya uwezo wake, linakaribia kikomo. Mtu yuleyule, kilo zilezile 60, chakula kilekile cha mchana.

Kuna watakaokushauri uachane na boriti, utengeneze miguu mitatu inayokutana juu, kwa kuwa miguu mitatu haiyumbi. Wana hoja. Uzito unateremka kupitia miguu yenyewe badala ya kukaa katikati ya boriti ukiikunja. Ili usifaidike na hilo, sahau pembe. Miguu ikiachana na mstari wima kwa nyuzi 30, mvuto wa kilo 300 unasukuma kila mguu nje kwa nguvu ya kilo 58 hivi. Ukiitanua hadi nyuzi 45 ili kionekane kimekaa imara, msukumo huo unafika kilo 100 kwa kila mguu. Kwenye zege gumu mguu unaweza kuvumilia. Kwenye vigae vilivyopigwa deki asubuhi utateleza, na kwenye mchanga wa Kigamboni mguu mmoja utazama kabla ya wenzake. Mnyororo wa kuifunga miguu yote mitatu pamoja kwa chini ungemaliza jambo hilo kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Usiununue, utawakwaza wageni.

Na urefu wa miguu? Mrefu kabisa. Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, alionyesha mwaka 1744 kwamba mhimili mwembamba unaokandamizwa hushindwa kwa kujikunja pembeni muda mrefu kabla chuma chenyewe hakijachoka, na kwamba ukiuongeza urefu mara mbili, uwezo wake unabaki robo. Robo, wala si nusu. Mguu wa mita 2 uliobeba vizuri kwenye kiunzi cha rafiki yako haukupi habari yoyote kuhusu mguu wako wa mita 4.

Tufike kwenye mishono, mahali ambapo mteja anaweza kuharibu kazi nzuri bila kugusa mashine. Siri ni kudai ulaini. Fundi akimaliza kuchomelea na kugonga lile ganda, utaona mshono una mawimbi madogo yaliyofuatana. Sema hupendi. Sema unataka ulale sawa na bomba, usionekane. Atachukua grainda, na sehemu kubwa ya chuma kilichokuwa kikushikilie itaruka cheche hadi barabarani. Palipobaki kitundu atajaza pati ile ya kunyooshea bodi za magari, atapiga msasa, kisha rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha nyeusi ya kung'aa. Sasa kazi inapendeza sana, na hakuna binadamu anayeweza kuikagua.

Chagua pia saa. Mashine nyingi za mitaani ni za kienyeji, koili zimezamishwa ndani ya mafuta, na ni mashine za kuheshimiwa. Zimechomelea mageti mengi ya mji huu. Lakini zinakula kile zinacholetewa na waya. Jioni, kila nyumba ikiwa imewasha pasi na feni, umeme unashuka, moto wa ncha unapungua, na chuma kinabandikwa juu ya chuma bila viwili kuyeyuka pamoja. Kwa macho ni mshono. Ukigonga kwa nyundo, unabanduka. Kwa hiyo mpigie fundi simu kuanzia saa tisa alasiri, umwambie lazima uchukue mzigo leo leo. Vijiti vya kuchomelea navyo vimekaa wiki nzima kwenye boksi lililo wazi, na hewa ya Dar ni nusu maji. Ule unyevu utaacha vitundu ndani ya mshono ambavyo hutaviona kamwe. Matundu ya bolti yatobolewe kwa hichohicho kijiti badala ya drili. Ni haraka, na bolti inapata nafasi ya kucheza. Bolti zenyewe zisiwe na namba kichwani. Zile zenye 8.8 zina nguvu inayojulikana, na kitu kinachojulikana kinapunguza msisimko.

Halafu pete ya juu, ile inayobeba kila kitu. Kwa kuwa ni ndogo, haitakuwa kwenye bajeti. Kijana atatumwa nyuma kutafuta kipande cha nondo ya milimita 12 kilichobaki kwenye msingi wa nyumba ya mtu. Kitapashwa moto, kitakunjwa, kitachomelewa chini ya boriti. Nondo nyingi za siku hizi hupewa nguvu kiwandani kwa kumwagiwa maji ghafla zikiwa bado nyekundu. Ukizipasha tena, unazinyang'anya kilekile kilichozifanya ziwe imara. Zile mbavu za juu yake ziliwekwa ili zishike zege. Zitashika na kitambaa pia, uzi mmoja baada ya mwingine.

Kati ya pete na kitambaa huwekwa karabina, kile kifungio cha wapanda milima. Nzuri huwa imeandikwa ubavuni uzito inaobeba, kwa kiloniutoni. Ya kwako itatoka kwenye meza inayouza cheni za funguo, rangi ya zambarau. Na ukishaipata, itundikie kila kitu: kitambaa upande huu, kamba ya pili upande ule, na mnyororo wa kwenda kwenye mguu wa tatu, zote zivute kwa pamoja. Jambo hili lilishajaribiwa na wakubwa. Mei 4, 2014, mjini Providence, Marekani, wanasarakasi 8 wa Ringling Bros. and Barnum & Bailey walikuwa wamening'inia kwa nywele zao kwenye kiunzi kimoja mbele ya watazamaji. Karabina iliyobeba kiunzi hicho ilikatika, wote wakaanguka, na mwenzao aliyekuwa chini akaumia nao. Wachunguzi wa serikali wanaohusika na usalama kazini walieleza kwamba karabina ilikuwa imevutwa kutoka pande zisizopungua tatu, ilhali imeundwa kuvutwa kutoka pande mbili. Kampuni ilipigwa faini ya dola 7,000, kiwango cha juu ambacho sheria iliruhusu kwa kosa la aina hiyo. Hiyo ilikuwa sarakasi yenye historia ndefu na wafungaji wa kuajiriwa. Wewe una binamu.

Fundi usimsahau. Anachomelea akiwa amevaa miwani ya jua, au amefumba jicho moja na kugeuza uso, na usiku atalala akihisi amemwagiwa mchanga machoni. Unaweza kumwongezea. Sema unaishi karibu na bahari, chumvi inakula chuma, hivyo unataka bomba lililopakwa zinki, kama la maji. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe. Akiuvuta kwenye kibanda kisicho na upepo, saa chache baadaye atashikwa na homa na kutetemeka, atadhani ni malaria, atanunua dawa ya malaria. Wenzake watampa maziwa, tiba ya karakana zote, ambayo faida yake ni kwamba ni maziwa. Zinki ingeweza kusagwa kwanza pale penye mshono, au kazi ikafanyiwa nje. Hayo nayo yanachukua muda, na wewe unataka mzigo leo.

Usiwaulize wanaojua. Sarakasi si ngeni kwetu: Tanzania ilipeleka vijana China kuisomea tangu miaka ya 1960, na Bagamoyo kuna chuo cha sanaa ambako unaweza kukutana na watu waliobebana mabegani maisha yao yote. Kasoro ya watu hao ni kwamba wengi wao ni wa ardhini, wa piramidi na viti, na mtu wa ardhini ana tabia ya kutaka kujua amesimama juu ya nini. Wa chini kwenye piramidi akichoka, anasema, na wa juu anashuka. Ukimleta mmoja wao atakizunguka kiunzi chako mara mbili, atakigonga, atakitikisa kwa bega, kisha atauliza aliyechomelea ni nani na ulimwambia ni cha nini. Maswali yaleyale uliyoyakwepa tangu mwanzo, na huyu huwezi kumdanganya kuwa ni bembea.

Kuhusu sakafu, usitumie muda. Jules Léotard, Mfaransa aliyeonyesha bembea ya kurukia jijini Paris mwaka 1859, alikuwa amejifunzia juu ya bwawa la kuogelea la baba yake kule Toulouse. Wewe una zege na godoro la wageni. Liweke katikati kabisa, kwa sababu watu hudondoka katikati.

Huenda baada ya yote hayo akatokea mmoja wa nyumbani, aghalabu mama au shangazi, akasema kijaribiwe kwanza bila mtu. Atataka viroba vya mchanga vijazwe hadi kilo 60, vifungwe kwenye kitambaa, vipandishwe mita 1 na kuachiwa, watu wakiwa wamesimama mbali na hakuna mtoto uani. Kisha uzito uongezwe, jaribio lirudiwe mara nyingi, na kila mshono uangaliwe baada ya kila mara, rangi ikiwa imekwanguliwa. Hiyo nayo si kinga kamili. Chuma kilichovumilia leo kinaweza kuwa kimeanza ufa wa kesho, na kwa kweli anayestahili kusema ndiyo ni mhandisi aliyepewa mchoro, unene wa bomba na ukweli wote. Lakini shangazi hana mhandisi, ana viroba. Mwambie anakuchelewesha. Asipokuelewa, mwache aachie kamba.

Kikipinda, usiende kugombana na fundi. Uliagiza bembea, akakupa bembea. Kikate vipande, uite mnunuzi wa chuma chakavu anayepita na mkokoteni. Chakavu hununuliwa kwa kilo. Bomba la 50 kwa 50 la mita 6 likiwa na ukuta wa milimita 1.5 lina karibu kilo 14. Likiwa la milimita 1.2 lina kilo 11. Atavipanga vipande vyako kwenye mizani yake ya kutundika, atasoma, atakutajia jumla, nawe utagawanya kwa idadi ya mabomba na kujua ulichouziwa.